Nani Atampeleka Hospitali? Afya ya Wafanyakazi Wetu Ghuba

Riyadh, Doha na Abu Dhabi zina hospitali zenye vifaa na mabingwa ambao mikoa yetu mingi haijapata kuwaona. Hata hivyo, dada wa kazi anayeishi mitaa miwili tu kutoka hospitali ya namna hiyo anaweza kuuguza jino miezi mingi kwa panadoli za dukani, asifike mapokezi hata siku moja. Ukimuuliza kwa nini, hatakwambia kwamba dawa zilikwisha au daktari hakuwepo. Atakwambia hakupewa ruhusa ya kutoka, au kadi ya bima anayo bosi, au bosi alisema kesho, na kesho ikawa kesho mpaka uvimbe ukapoa wenyewe.

Tunapozungumzia afya ya watu wetu walioko Ghuba, mazungumzo hukimbilia mambo mawili, joto na mateso. Yote mawili yapo. Lakini kinachoamua kama mfanyakazi ataumwa akapona, au ataumwa akarudi kwenye jeneza, mara nyingi ni makaratasi: nani ameshika hati zake, nani anapaswa kulipa, na nani ana mamlaka ya kumfungulia mlango. Sizungumzii hapa nesi wa Kikenya aliyeajiriwa Doha wala mhandisi wa Kitanzania wa kampuni ya mafuta. Hao wana bima, likizo ya ugonjwa na gari la kuwapeleka. Nawazungumzia walio wengi: wafanyakazi wa ndani, walinzi, madereva, wafagiaji na wabeba zege kutoka Kenya, Tanzania, Uganda na Burundi.

Safari huanza na medikali. Nchi za Baraza la Ushirikiano la Ghuba hazipokei cheti cha hospitali yoyote tu. Mwombaji hupangiwa kituo kilichoidhinishwa kupitia mfumo wa mtandaoni uitwao Wafid, ambao wengi bado wanaujua kwa jina la zamani, GAMCA. Huko hupigwa picha ya kifua kutafuta kifua kikuu, hutolewa damu kupimwa VVU, homa ya ini B na C na kaswende, na mwanamke hupimwa mimba. Ukikutwa na kimojawapo umefeli, na safari imeishia hapo.

Ni vizuri kuelewa kipimo hiki kimewekwa kwa faida ya nani. Kinailinda nchi inayompokea mfanyakazi. Mfanyakazi mwenyewe hakimsaidii sana. Chukua homa ya ini B, ambayo Afrika Mashariki ni ya kawaida kuliko watu wanavyodhani. Vijana wengi huijua hali yao kwa mara ya kwanza kwa neno moja lililoandikwa kwenye karatasi ya medikali. Mara nyingi hakuna anayewakalisha chini kuwaeleza kwamba mtu huweza kuishi na virusi hivyo miaka mingi, kwamba ini lake linahitaji kufuatiliwa, na kwamba walio nyumbani kwake wapimwe na kuchanjwa. Wakala anaita jina linalofuata. Kijana anarudi kijijini na aibu, na pengine na deni.

Aliyefaulu naye asijidanganye kwamba amekaguliwa mwili mzima. Kabla ya kuondoka, nakusihi utengeneze meno yako, kwa sababu jino ndilo la kwanza kupuuzwa na mwajiri na ndilo ghali kulitibu kwa fedha ya mfukoni. Pima wingi wa damu. Ujue kama una sikoseli, maana joto, upungufu wa maji na kazi nzito ndivyo vinavyoamsha maumivu yake. Chanjo ya homa ya ini B huchomwa mara tatu katika muda wa kama miezi sita, kwa hiyo ianze mapema, kabla hata ya kumtafuta wakala. Ya homa ya manjano ni rahisi zaidi: tangu Julai 2016 kadi yake inahesabiwa kuwa halali maisha yote, na anayekwambia ulipe kuihuisha anakula pesa yako.

Begi nalo lina hatari zake. Vidonge vya tramadol, dawa za kikohozi zenye kodeini na dawa za usingizi kama diazepam, ambazo kwetu baadhi ya maduka huziuza bila kuuliza, huko ni dawa zinazodhibitiwa kwa sheria kali. Miraa ni dawa ya kulevya kabisa, hata vijiti vichache vilivyosahaulika mfukoni. Unga wa mwarobaini au wa mizizi uliofungwa kwenye mfuko wa nailoni, bila jina wala lebo, unaweza kumweka mtu chini ya ulinzi hadi maabara iseme ni nini. Mwenye presha, kisukari, pumu au kifafa abebe dawa zake kwenye pakiti zake za asili, pamoja na barua ya daktari ya Kiingereza yenye muhuri, na apeleleze mapema kama nchi aendayo inataka kibali cha dawa hizo. Nakala ya barua hiyo ibaki kwenye simu ya mtu wa nyumbani, kwa sababu simu ya mfanyakazi inaweza kuchukuliwa siku ya kwanza.

Akishafika, cha kwanza ni kadi ya ukaazi. Saudia wanaiita ikama, Oman bataka. Bila hiyo hakuna akaunti ya benki, laini ya simu kwa jina lako ni shida, na bima haijaanza kufanya kazi. Kati ya kutua na kukabidhiwa kadi zinaweza kupita wiki kadhaa, na hizo ndizo wiki mwili unapopata taabu zaidi: hali ya hewa ngeni, chakula kigeni, usingizi haujatulia, kazi imeanza kwa kasi. Mfanyakazi wa ndani katika wiki hizo anamtegemea mwajiri kwa kila kitu, hadi pedi.

Sheria zilizoandikwa si mbaya, na ni haki kulisema hilo. Falme za Kiarabu zilitunga sheria mpya ya wafanyakazi wa ndani mwaka 2022: saa 12 za mapumziko kwa siku, nane kati yake zikiwa mfululizo, siku moja ya mapumziko kwa wiki, hadi siku 30 za ugonjwa kwa mwaka, 15 za mwanzo kwa mshahara kamili, na mwajiri haruhusiwi kushikilia hati za mfanyakazi. Tangu 1 Januari 2025 bima ya afya ni lazima katika falme zote saba, na wafanyakazi wa ndani wamo. Qatar ilitunga sheria yake mwaka 2017, ikaweka kikomo cha saa 10 za kazi, na mwaka 2021 ikaanza kutumia kima cha chini cha riali 1,000 kwa mwezi, juu yake malazi na chakula au posho zake. Kuwait ilitangulia mwaka 2015. Oman iliondoa sharti la kibali cha mwajiri wa zamani kwa anayebadilisha kazi, mkataba wake ukiwa umekwisha, kuanzia Januari 2021.

Ukizisoma hizo zote utajiuliza malalamiko yanatoka wapi. Yanatoka nyuma ya ukuta wa nyumba. Mkaguzi wa kazi huingia kwenye kiwanda bila hodi, lakini nyumba ya mtu ina heshima yake, na ndani ya nyumba hiyo saa nane za usingizi zinahesabiwa na mwajiri peke yake. Kisha kuna suala la fedha, ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloeleza mengi. Mwajiri ameilipa ofisi ya uwakala kiasi kikubwa kabla hajamwona mfanyakazi. Ofisi humpa kipindi cha majaribio, Saudia ni siku 90, ambamo anaweza kumrudisha na kupewa mwingine. Mfanyakazi akiugua ndani ya siku hizo, mwajiri anaona heri amrudishe ofisini kuliko kumtibu. Akiugua baada ya siku hizo, mwajiri anaona ameingia hasara na atavuta muda, kwa matumaini kwamba ugonjwa utapita. Ndiyo maana utamsikia msichana akisema, "Dada, nikisema naumwa wananirudisha ofisi," na huko ofisini hakuna kitanda wala daktari, na mshahara haupo.

Anayechoka akatoroka hupoteza hata kile kidogo alichokuwa nacho. Saudia mwajiri huweza kumripoti kuwa ametoroka, wanaita hurubu, na tangu hapo ukaazi wake unakuwa na dosari. Anaweza kufanya vibarua Riyadh au Jeddah miaka, akilipwa hata vizuri kuliko zamani, ila hospitali itamuuliza ikama. Wengi wa hao hujitibu kwa dawa za kutumiwa na marafiki. Mwanamke akipata ujauzito katika hali hiyo mambo huwa mazito zaidi, kwa sababu Saudia, Qatar na Kuwait mimba ya nje ya ndoa ni kosa la jinai, na kliniki ya wajawazito huomba cheti cha ndoa. Matokeo yake ni wanawake wanaojifungulia vyumbani na watoto wasio na hati yoyote. Aliyeolewa na abebe cheti chake, kikiwa kimethibitishwa na wizara ya mambo ya nje na ubalozi wa nchi anayokwenda.

Kuhusu VVU, nchi za Ghuba bado zina msimamo mkali: mgeni anayekutwa navyo wakati wa kuomba au kuhuisha kibali hunyimwa na kurudishwa kwao. Matokeo yake watu huogopa kupima. Naiona ni sera mbaya kwa kila upande, pamoja na upande wa wenyeji.

Sasa joto. Mtu wa Mombasa au Tanga hujiona analijua, lakini kule hukutana na joto la aina mbili ambazo hazijui. Riyadh ni jangwa: jua linafika nyuzi 45, jasho linakauka kabla hujalihisi, na mtu anaishiwa maji akijiona mkavu na mzima. Pwani, kuanzia Dubai hadi Maskati, Agosti ina unyevunyevu mwingi. Jasho linatiririka lakini halikauki, na jasho lisilokauka haliupozi mwili. Mwili huhitaji kama wiki moja hadi mbili kuzoea, na hizo siku za mwanzo ndizo za hatari kuliko zote. Msimamizi anayempa mgeni kazi kamili siku ya pili anahatarisha maisha yake.

Serikali za huko zimepiga marufuku kazi za juani mchana wa kiangazi. Saudia ni saa sita hadi saa tisa alasiri, na Falme za Kiarabu saa sita na nusu hadi saa tisa, kuanzia 15 Juni hadi 15 Septemba. Qatar ni kali zaidi: saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu, kuanzia 1 Juni, na kazi husimamishwa saa yoyote ile ikiwa kipimo kinachojumlisha joto na unyevu kimezidi 32.1. Mlinzi wa getini anayesimama kwenye kibanda kisicho na feni, au mletaji chakula wa pikipiki, mara nyingi marufuku hiyo humpita kando. Dalili ni za kuzijua kwa moyo: kichwa kuuma, kichefuchefu, misuli kukakamaa, mkojo kuwa wa rangi ya chai. Anayeanza kuongea ovyo au kupepesuka hapaswi kupelekwa kulala. Amwagiwe maji, apepewe, na gari la wagonjwa liitwe wakati huo huo.

Figo huumia kimyakimya. Mtu anayekausha mwili kila siku miezi na miezi, akinywa soda na vinywaji vya kuongeza nguvu badala ya maji ili asisinzie zamu ya saa 12, anaziharibu bila kuhisi chochote. Nepal, ambayo imepeleka watu wengi Ghuba kabla yetu, imewapokea vijana waliorudi wakihitaji kusafishwa damu.

Ndani ya nyumba hali ya hewa ni nyingine. Kiyoyozi kinaunguruma usiku na mchana, koo linakauka, na dada wa kazi anaweza kukaa wiki nzima bila ngozi yake kuguswa na jua, ndiyo maana upungufu wa vitamini D ni tatizo kubwa katika nchi zenye jua kiasi kile. Maji ya matangi ya juu ya paa huchemka kiangazi hata bomba la baridi likatoa ya moto. Wazoefu huzima hita na kutumia bomba la moto kama la baridi. Mambo haya hakuna anayekufundisha kabla ya kuondoka.

Kuna moja ningetaka lifundishwe kila darasa la maandalizi. Kwenye kabati la chini ya sinki la nyumba za Ghuba utakuta chupa nyingi: jiki, dawa ya choo yenye asidi, dawa ya kuondoa mafuta ya jiko, maji ya vioo. Binti aliyeambiwa choo king'ae kabla ya wageni anachanganya jiki na ile dawa ya asidi, mlango umefungwa, feni haifanyi kazi. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini. Macho yanawaka, kifua kinabana, anakohoa usiku kucha, na akirudia mara kwa mara anapata pumu ambayo hakuzaliwa nayo. Kwa vyovyote vile usichanganye dawa mbili za usafi. Fungua dirisha, vaa glavu, na ukisikia harufu kali toka nje kwanza, hata kama unaitwa.

Wanaume na wanawake wanaofanya kazi za kampuni wana shida tofauti, ya malazi. Dubai, katika mitaa ya Deira na Satwa, watu hupanga kitanda, si chumba, na chumba kimoja hukatwakatwa kwa mbao wakalala watu wengi. Kunguni hawaishi. Kikohozi cha mmoja ni cha wote, na anayekohoa zaidi ya wiki mbili ananyamaza kwa hofu ya picha ya kifua.

Nimeacha mwisho lile ambalo familia zina sehemu kubwa ndani yake. Simu hupigwa usiku, dakika chache za kuibia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huko hali?"

"Nzuri tu mama. Pesa nimetuma."

Mazungumzo yanaishia kwenye ada ya shule na bati za nyumba. Msichana hajasema kwamba hajalala siku nne, kwamba anasikia moyo ukienda mbio, kwamba juzi alisimama kwenye dirisha la ghorofa ya tatu na mawazo mabaya. Hakusema kwa sababu hakuulizwa, na kwa sababu anajua deni la wakala liko kwa jina la mjomba. Ramadhani mzigo huu huongezeka, wageni hadi usiku wa manane na daku ya kupika. Familia ina uwezo wa kufanya jambo dogo lenye uzito: iwe inauliza umekula nini leo, umelala saa ngapi, hati yako iko wapi, jina la bosi na mtaa ni upi. Hayo mawili ya mwisho ndiyo ubalozi utakayoyataka siku ya msiba.

Na misiba ipo. Mwaka 2025 gazeti la New York Times liliripoti kwamba Wakenya wasiopungua 274, wengi wao wanawake, walikufa Saudia katika miaka mitano. Hao walikuwa wamepita medikali, vijana wenye afya njema. Vyeti vingi vya vifo vya Ghuba huandika kwamba moyo ulisimama, maelezo yasiyoeleza kitu, kwa kuwa moyo wa kila aliyekufa umesimama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu wafanyakazi wa Nepal waliofia Qatar ulionyesha kwamba vifo vilivyoandikwa kuwa vya moyo viliongezeka miezi ya joto kali, na watafiti wakaona kwamba vingi huenda vilitokana na joto lenyewe. Serikali zetu zina wajibu wa kuuliza swali hilo hilo kwa kila jeneza: uchunguzi wa maiti umefanyika, na nani ameusoma?

Hata kurudi nyumbani salama kuna tahadhari yake. Aliyekaa Ghuba miaka miwili bila kung'atwa na mbu mwenye malaria amepoteza sehemu kubwa ya kinga aliyokua nayo. Falme za Kiarabu zilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa hazina malaria tangu mwaka 2007. Mtu huyu akija likizo Kigoma au Kisumu, asilale bila chandarua kwa kudhani ni mwenyeji. Malaria inaweza kumpiga kama mgeni. Na homa ikimpata amesharudi kazini, mara nyingi kati ya wiki moja na mwezi tangu ang'atwe, amwambie daktari kabla ya neno lolote lingine kwamba ametoka Afrika Mashariki, kwa sababu daktari wa kule hatawaza malaria kwanza.

Namba za dharura ziandikwe kwenye karatasi na kushonwa ndani ya nguo, maana simu si ya kutegemea: Saudia gari la wagonjwa ni 997, Falme za Kiarabu 998, Oman 9999, Qatar 999, Kuwait 112.

Kwa serikali za Nairobi, Dodoma na Kampala nina ombi. Mikataba ya kazi na nchi za Ghuba itajadiliwa tena, na kila mara mezani huwekwa kwanza mshahara. Wekeni kwanza kifungu kimoja: kwamba mfanyakazi anakaa na kadi yake ya bima na ya ukaazi mkononi mwake, na anaweza kwenda hospitali bila kumwomba mwajiri ruhusa. Na wewe unayesubiri tiketi: kama mkataba ulio mbele yako hautaji nani analipa matibabu na nani anasafirisha maiti, usitie saini.